Chumba Kisicho na Jua

Jumamosi asubuhi fundi wa mageti alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, gundi mkononi, akisaka matundu. Kila alipoona nukta ya mwanga ukutani au sakafuni aliifuata mpaka ilikotoka, akaiziba, kisha akarudi nyuma kuhakikisha imezibika kweli. Tundu la msumari akaliziba. Ufa wa kitasa akauziba. Pale ambapo bati la dirisha halikukaa sawasawa na ukuta, alichukua kitambaa akakisokomeza kwa bisibisi mpaka mkono ukamuuma. Asiyeijua nyumba ile angesema huyu bwana kapagawa. Hakupagawa hata kidogo. Alikuwa anamtafuta aliyemuumiza mwanawe, na mshukiwa wa kwanza alikuwa jua.

Mwenyewe, msichana wa miaka tisa, alikuwa ameketi juu ya meza akining'iniza miguu na kumwelekeza baba yake.

"Pale, Baba, karibu na waya. Hapana, juu kidogo. Hapo."

Nyumbani aliitwa Kidoti. Jina hilo alipewa na bibi yake alipokuwa na mwaka mmoja, vidoadoa vilipoanza kumtoka puani na mashavuni, na ukoo mzima ukaona ni urembo. Walimbusu doti moja baada ya nyingine, wakahesabu kwa sauti huku mtoto akicheka. Hawakujua walichokuwa wanakibusu. Alipofika miaka sita uvimbe ulimtoka juu ya pua, ukakatwa, na daktari wa ngozi akawaita baba, mama na shangazi aliyewasindikiza akawakalisha chini.

Jua humuumiza kila mtu, daktari aliwaambia. Ndani ya kila seli ya ngozi kuna uzi wa vinasaba, ndio unaoielekeza seli kazi yake, na jua likiupiga, uzi huo hujikunja na kugandamana hapa na pale. Kwa mtu mwingine hilo si neno, kwa sababu ndani ya seli kuna mafundi wadogo wasiolala. Wakikuta palipoharibika wanakata kipande kibovu, wanajaza kipya, wanaunga, mchezo umekwisha. Kidoti alikuwa amezaliwa bila mmoja wa mafundi hao. Kwake kilichoharibika jana kinabaki hivyo hivyo leo, na cha leo kinaongezeka juu yake, mpaka siku ambayo seli inasahau kazi iliyotumwa na kuanza kuzaana ovyo. Huo ndio uvimbe. Ndiyo saratani.

Mama mtu alilia bila kuelewa vizuri. Baba mtu alielewa mara moja, maana kukata palipooza na kuunga kipya ndiyo kazi iliyomlisha tangu ujana, na kwa kuwa alielewa ikamuuma maradufu. "Naunga vyuma vya watu," alimwambia mkewe njiani siku ile, "wangu hana wa kumuunga."

Tangu hapo, miaka mitatu, Kidoti hakuliona jua ila kupitia kitambaa. Na hakuna kilichomtokea. Basi ilipofika Ijumaa jioni, mama yake akimpaka mafuta usoni, kidole kikakwama chini ya jicho la kushoto. Kipele kigumu, kidogo kama punje ya mtama, chenye ukoko. Na ndani ya jicho, pembeni, kulikuwa na wekundu ambao haukuondoka kwa kuoshwa.

Ndiyo maana ya gundi na magoti.

"Nani kamtoa mtoto nje?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

Mkewe ndiyo kwanza ameingia. Alikuwa msafishaji wa ofisi, akiondoka alfajiri na kurudi mchana, ila Jumamosi hutoka mapema, na viatu bado vilikuwa vimelowa maji ya sabuni. "Hakuna aliyemtoa," alisema.

"Jua halipigi hodi, Mama Kidoti. Kuna mtu kalifungulia."

"Mimi natoka hapa gizani narudi saa saba. Saa zote hizo mtoto yuko na wewe. Jiulize mwenyewe."

"Na jioni je? Juzi ulipokwenda kwa jirani kufuata beseni?"

"Nilikwenda naye jua limeshazama. Tena nimemfunika kama mkate."

Kochini aliketi dada yake fundi, mkubwa wake kwa miaka minne, ambaye habari ilimfikia usiku naye akafika asubuhi, kwa sababu habari mbaya hazikuwahi kumkuta hana nauli. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha korogeka zamani. "Mdogo wangu," alisema polepole, "unahangaika bure na hayo matundu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Una maana gani, wifi?" mama mtu aliuliza.

"Sina maana. Nasema tu. Kwetu sisi hakuna maradhi ya namna hii, tangu babu na babu."

"Daktari alisema nusu imetoka kwake na nusu kwangu. Wewe ulikuwepo siku ile, wifi. Ulisikia kwa masikio yako."

"Daktari hawezi kuvunja nyumba ya watu. Ulitaka asemeje?"

Hapo fundi angeweza kumfunga dada yake mdomo kwa neno moja. Alikuwa nalo, kwamba mkewe amesema kweli. Badala yake alisimama, akafuta gundi kwenye suruali, akatoa jingine baya zaidi. "Umemchoka," alimwambia mkewe. "Sema tu umemchoka. Mtoto wa kufungiwa ndani anachosha, najua. Unamwachia acheze nje dakika mbili tatu, wewe upate kupumua."

Mama mtu aliinama. Alivua viatu, akavipanga kando ya mlango kimoja sambamba na kingine, akaingia chumbani. Mlango aliufunga taratibu, na ule utaratibu ulitisha kuliko angeubamiza.

"Baba, mimi sikutoka," Kidoti alisema kutoka mezani.

Hakuna aliyemsikia. Watu wazima wakigombana juu ya mtoto, wa mwisho kusikilizwa ni huyo mtoto.

*

Kazi haijui kuuguza. Jumamosi hiyohiyo jioni kulikuwa na geti la mteja la kumaliza, na fundi akaingia karakana yake na Kidoti nyuma yake.

Karakana ilikuwa chumba cha uani, zamani stoo. Kwa miaka kumi na moja fundi alikuwa ameajiriwa kwenye karakana kubwa ya mtu, mshahara mwisho wa mwezi na wenzake wa kupiga nao soga. Aliiacha mwezi uleule daktari aliowakalisha chini. Mama akiwa kazini, mtoto angekaa na nani gizani peke yake? Aliazima hela akanunua mashine yake ya kuchomelea, akaiziba stoo. Hakuiziba kibahili. Aliivika mabati mapya yanayong'aa, ukuta kwa ukuta, na juu pia, asibakishe hata ufa wa kupitisha sindano. Hewa iliingia kwa feni kupitia bomba alilolipinda mwenyewe mara mbili, ili upepo upite na mwanga usipite. Bomba hilo lilikuwa fahari yake. Kila aliyekuja alionyeshwa.

Mle ndani, mlango ukifungwa na taa ndogo ikiwashwa, Kidoti alivua. Kofia yenye kitambaa, miwani myeusi, glavu, sweta la mikono mirefu, vyote aliviangika kwenye msumari wake. Alibaki na gauni la mikono mifupi kama mtoto yeyote. Hakukuwa na mahali pengine duniani alipoweza kufanya hivyo mchana. Alijinyoosha, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akachukua chaki.

"Leo mita moja na ngapi, Baba?"

"Moja na themanini na tano. Pima mara mbili, kata mara moja."

"Najua. Umeniambia mara mia."

Alipima, akachora mstari ulionyooka. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wa vijana wengi waliompitia fundi. Alijua vijiti vya kuchomelea kwa unene wake, alijua skwea, alijua nondo ipi imepinda kwa kuiangalia tu. Baba akikata chuma, yeye alisoma kitabu chake cha shule kwa sauti kubwa kushindana na msumeno, na baba akimuuliza maswali ambayo mwenyewe hakuyajua majibu.

Kisha ulikuja wakati wa kuunga. Fundi alishusha kinyago usoni. "Geuka," alisema.

Kidoti aligeukia ukutani, akafumba macho, akaweka mikono yake miwili nyuma ya shingo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu siku ya kwanza, maana fundi yeyote mwenye akili humlinda mtoto asiangalie ule moto. Chumba kikawaka buluu. Mabati yote yakawaka, kuta nne na dari. Kisha giza.

"Tayari?" Kidoti aliuliza, bado kageuka.

"Tayari."

Ndipo alipogeuka tena. Huo ulikuwa mchezo wao, na pia ilikuwa sheria, na kwa siku ungerudiwa mara sitini au sabini. Fundi hakuwahi kumwona akigeuka kabla ya neno hilo.

"Baba, taulo lako limeanguka."

Fundi aliliokota, taulo la kijani, akajifunga tena shingoni. Alikuwa amelinunua miezi michache baada ya kuhamia mle, alipoona ngozi ya shingo yake inababuka nyuma kama kitunguu. Aliona ni mambo ya kazi, akalinunua taulo, akasahau.

Mteja alikuja wakati wanapiga msasa. Bwana mmoja mwenye ndevu zilizotunzwa vizuri kuliko geti alilokuwa nalo. Alisimama mlangoni akijipepea na karatasi. "Fundi, unafanyaje kazi kwenye oveni hii? Na huyu mtoto kapatwa na nini usoni, umemuunguza na mashine?"

"Ni maradhi. Kazaliwa nayo," fundi alisema kwa ukali kidogo.

"Yanaambukiza?"

"Hayaambukizi."

Kidoti alimnyooshea yule bwana futi, ajipimie mwenyewe kama geti limetoka sawa, maana baba yake alimfundisha kwamba mteja apime kwa mkono wake ili kesho asiseme. Bwana aliiangalia futi, akaangalia mkono ulioishika, wenye madoa mpaka kwenye vidole. "Weka tu hapo chini," alisema. "Nitaokota."

Kidoti aliiweka chini. Bwana naye hakuiokota. Alisema anamwamini fundi, akaondoka haraka, na fundi akabaki anapiga msasa mahali ambapo palikuwa pameshalainika.

*

Jumatatu walikwenda hospitali watatu. Kidoti alivalishwa yote, na juu yake mwavuli mkubwa. Baba na mama hawakuwa wamesemeshana tangu Jumamosi, isipokuwa "shika hapa" na "angalia ngazi."

Getini mlinzi aliwasimamisha. "Huyo avue kofia na miwani. Lazima nione sura ya kila anayeingia."

"Tukifika kivulini atavua," mama alisema. "Ana maradhi ya ngozi, jua halimfai."

"Mama, sheria ni hapa, si kivulini."

Walibishana mpaka foleni nyuma yao ikaanza kunung'unika. Mwishowe fundi alifungua koti lake, akasimama kati ya jua na mwanawe, akaliachanisha koti huku na huku kwa mikono miwili kama kuku anayekinga vifaranga. Mle ndani Kidoti akavua, mlinzi akainama kuchungulia, akaona alichokiona, akasema haraka, "Piteni, piteni." Fundi alifunga koti kwa hasira. Dakika moja ya jua. Alikuwa tayari kumpiga mtu kwa ajili ya dakika moja.

Daktari alikuwa yuleyule mama wa miaka mitatu iliyopita, mvi zimeongezeka. Alikiangalia kipele kwa taa na kioo, akalifunua jicho, akaangalia kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. Kisha akaangalia shingo ya Kidoti nyuma, akaangalia mikono.

"Kuna madoa mengi mapya," alisema. "Mengi sana kwa mtoto asiyetoka. Mchana anakaa na nani?"

Mama aliinamisha kichwa. Fundi alijibu, na alijibu kwa kifua mbele. "Anakaa na mimi, daktari. Niliacha kazi kwa ajili hiyo."

"Vizuri. Mnakaa wapi?"

"Chumba kisicho na dirisha. Nimekivika bati mwenyewe. Hata uzi wa jua hauingii. Kama kapigwa na jua, si kwangu."

Aliposema "si kwangu" alimtupia mkewe jicho, na mkewe aliliona, na daktari pia.

"Na humo ndani anafanya nini siku nzima?" daktari aliuliza huku anaandika.

"Namsaidia Baba kuchomelea," Kidoti alisema.

Kalamu ilisimama.

"Kuchomelea mageti? Kwa umeme? Ule moto wa buluu?"

"Ndiyo," Kidoti alisema kwa furaha. Hatimaye mtu kamuuliza yeye. "Mimi napima na kuchora, Baba anaunga."

"Huwa anageuka," fundi aliwahi kusema. "Kila nikiwasha namwambia geuka, naye anageuka. Hajawahi kuangalia." Na alipokuwa anasema hivyo mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma ya shingo, palipokuwa pakibabuka, ukabaki pale.

Daktari hakupandisha sauti. Pengine ingekuwa afadhali angepandisha. "Moto ule una miale ileile ya jua," alisema. "Ile ile inayokata vinasaba. Kwa karibu namna hiyo ni mikali kuliko jua la saa sita. Na kwenye bati linalong'aa inarudi huku na huku, inampata mtu hata akiwa amegeuka. Ni kosa langu pia, sikuwauliza. Nilisema jua, jua, jua. Sikujua mna hilo nyumbani."

"Najua," fundi alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba unarudi. Kwenye boma la bati mwanga unakurudia mgongoni." Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Kila fundi anajua."

Mkewe aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Na kweli kila fundi anajua. Anayaunguza macho yake kwa ule mwanga mara moja tu ujanani, analala usiku huo kama katiwa mchanga machoni, hasahau tena. Anajua ngozi inababuka. Anajua nguo ya mikono mifupi haifai. Fundi huyu aliyajua yote hayo kwa miaka ishirini, ila aliyajua kama mambo ya kazini, yamekaa huku, na ya jua na mwanawe yamekaa kule, na kati yake hakupitisha hata siku moja mstari wa chaki. Jua kwake lilikuwa kitu cha juu angani. Alilizibia matundu, huku kila siku mara sabini akiliwasha kwa mkono wake.

*

Kipele kilikatwa kipande, kikapelekwa kupimwa, na majibu yakaja baada ya siku kumi na mbili. Saratani ilikuwa imeshaingia ndani ya jicho. Jicho lenyewe lilipaswa kutolewa ili kuokoa kilichobaki, na daktari hakuahidi kwamba kilichobaki kitaokoka.

Siku ya upasuaji mume na mke walikaa benchi moja kwenye korido, mfuko wa nguo za mtoto katikati yao. Tangu siku ya daktari mashine ilikuwa haijawashwa. Fundi alikuwa amebandua mabati yote ya karakana kwa nyundo, akayarundika uani, na majirani wakauliza kama anahama.

"Mama Kidoti," alisema.

"Eh."

"Nilikukosea. Nilikusema vibaya, mbele ya dada."

"Ulisema nimemchoka."

"Ndiyo."

"Mtoto niliyemzaa. Nadeki sakafu za watu kwa magoti nikimhesabia saa. Ukasema nimemchoka, na wifi yangu anakoroga chai."

"Nisamehe."

Mama mtu aliangalia mlango wa chumba cha upasuaji. "Sasa hivi siwezi," alisema. "Sikufichi. Labda baadaye. Sogeza huo mfuko, unadondoka."

Aliusogeza. Walikaa. Mtu alipita na ndoo na ufagio, na mama akainua miguu yake kumpisha.

"Usimwambie," alisema ghafla.

"Kumwambia nini?"

"Kwamba ni mwanga wako. Hakuyaelewa yale ya daktari, nimemchunguza. Anadhani maradhi yamekuja tu. Hana marafiki, hana shule, ana wewe. Ukimwondolea na wewe atabaki na nini? Si kwa ajili yako nasema. Kwa ajili yake."

Fundi alikubali kwa kichwa. Alijisikia nafuu, na papo hapo akaona aibu kwa kujisikia nafuu.

*

Siku ya pili yake walimkuta ameamka. Wauguzi walikuwa wamening'iniza blanketi dirishani, na kitanda kilikuwa kwenye giza kidogo. Nusu ya uso ilikuwa bandeji. Jicho lililobaki lilimfuata baba yake tangu mlangoni.

"Baba."

"Naam, mama."

"Nikikwambia kitu utakasirika?"

"Sikasiriki."

Kidoti aliikunja ncha ya shuka, akaikunjua. "Siku moja sikugeuka vizuri," alisema. "Ile tulipoanza geti la mtu mwenye ndevu. Ulisema geuka, nikageuka, halafu nikachungulia. Kidogo tu. Nilitaka kuona ukiunga inakuwaje. Ilikuwa nzuri, Baba." Akaikunja shuka tena. "Ndiyo maana jicho limeharibika. Shangazi akasema ni Mama, na wewe ukasema ni Mama, na mimi nikanyamaza. Nilisema tu sikutoka. Sikusema nilichungulia."

Mama mtu alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akamtazama mumewe na kutikisa kichwa: usiseme.

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Mtoto kajitwika mwenyewe. Wiki tatu nyuma lawama hiyohiyo ilibebwa na mama yake, na leo imepata mbebaji mwingine, mdogo zaidi, mwenye bandeji, na fundi hakutakiwa kufanya chochote ila kumpapasa mkono na kusema yamekwisha. Aliutazama ule mkono juu ya shuka, kidole cha shahada bado kina rangi ya chaki kwenye kucha.

"Si wewe," alisema.

"Nilichungulia, Baba. Naapa."

"Hata kama usingechungulia. Hata ungegeuka mara elfu. Ule mwanga ulikuwa unapiga mabati unarudi, unakupata popote ulipoelekea. Ni jua vilevile, mwanangu. Mama yako hakukutoa juani. Wewe hukufanya kitu. Jua nililileta mimi ndani."

Kidoti aliyapima maneno. "Lakini ulikuwa hujui," alisema haraka, jinsi alivyozoea kumpa koleo kabla hajaomba.

Angelipokea. Mkewe alikuwa amefumba macho akingoja alipokee.

"Unalikumbuka taulo langu?" fundi aliuliza.

"La kijani."

"Kwa nini nilikuwa najifunga?"

Alikuwa mtoto mwenye akili, na huo ndio ulikuwa msiba. Alifikiri, na ikaonekana usoni, kwenye ile nusu iliyobaki wazi, jinsi alivyofika.

"Shingo yako ilikuwa inaungua," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanunua taulo."

"Nikanunua."

"Moja."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anavyosoma futi, namba ilivyo. Fundi alitaka kusema kwamba angempa ngozi yake yote kama ingevulika, na ni kweli angempa, lakini aliona kuwa hayo si maneno ya kumtwisha mgonjwa.

"Moja," alisema.

Kidoti alimtazama kidogo. Kisha, bila kuambiwa na mtu, aligeuka. Aligeuka polepole kwa sababu ya bandeji, akaelekea ukutani, akapandisha mikono yake miwili akaiweka nyuma ya shingo, kama alivyofundishwa.

Mama mtu alisogeza kiti upande wa pili wa kitanda, akakaa akimpapasa nywele. Hakumwambia mumewe atoke, wala hakumwambia akae. Fundi alibaki amesimama na kofia ya mtoto mkononi. Chai ya wagonjwa ililetwa, ikapoa. Alimwangalia mgongo, akingoja lile neno moja ambalo kwa miaka mitatu lilikuwa haliwezi kukosa, alilolisikia mara sabini kwa siku bila kulijali. Alikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Muuguzi alipopita kusema kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha, Kidoti alikuwa bado hajauliza.